Mafaili Kumi na Saba

Kabati tulimpa jina hilo kwa sababu kitu kikishaingia kichwani mwake hakitoki. Ungemtajia kiwanja ulichonunua miaka tisa iliyopita, naye angekutajia namba ya faili lake, ukurasa uliochanika, na jirani uliyegombana naye kuhusu mpaka. Alikuwa mtu mpana, mwendo wake wa taratibu, mfuko wa shati haukosi kalamu mbili. Ofisini kwetu sote tulikuwa na kazi, lakini aliyekuwa anaifanya ni yeye. Nasema hivyo, na anayetaka kununa anune.

Mimi ni tarishi. Ofisi yetu ni ya ardhi, na mafaili yote ya viwanja yanakaa masjala, chumba kirefu cha rafu mwisho wa korido. Mimi nayatoa masjala nayapeleka vyumbani kwa wakubwa, kisha nayarudisha, kutwa nzima, miguu inawaka moto. Lakini nimeajiriwa. Nina barua yangu ya ajira na nina pensheni mbele yangu. Kabati hakuwa nayo. Miaka kumi na mitatu aliiongoza masjala ile akiwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila mkataba ulipokaribia kwisha alikaa roho juu, akimsubiri mkuu wa ofisi asaini mwingine.

Njia ya kuajiriwa ilikuwa moja tu, mtihani wa serikali. Alishaufanya mara nne na mara nne akaanguka. Safari hii tangazo lilipobandikwa ubaoni alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, halafu akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mtihani ulikuwa mwezi wa sita, na yeye angetimiza arobaini na sita mwezi wa tisa.

"Ndiyo ya mwisho hii, dada," akaniambia.

"Basi utafaulu," nikasema. Sikuwa na hakika yoyote. Nilisema kwa sababu uso wake ulikuwa umeshuka na mimi sivumilii kumwona mtu mkubwa vile anataka kulia kwenye korido.

Tukaanza kusoma saa za chakula cha mchana, masjala, mlango tumeurudishia. Alikuwa amenunua kijitabu cha maswali na majibu kutoka kwa mwalimu mmoja wa tuisheni, kimepigwa chapa vibaya, kurasa zingine zimegeuka juu chini. Mimi nauliza, yeye anajibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anaanguka. Mtu aliyebeba kichwani namba za mafaili zaidi ya elfu nane alikuwa hawezi kukariri pointi sita za umuhimu wa kumbukumbu. Anataja mbili, ya tatu inakataa, kijasho chembamba kinamtoka, anaanza upya.

"Umuhimu wa kumbukumbu ni kama ifuatavyo. Kwanza, husaidia... kwanza, husaidia taasisi..."

"Kufanya nini?"

"Nimeisahau."

"Hiyo ndiyo uliyoisahau jana!"

Nilimvumilia wiki tatu. Wiki ya nne uvumilivu ukaniishia, maana mimi simile yangu ni fupi, hata mama yangu mzazi analijua hilo. Nilikifunga kile kijitabu nikakitupa juu ya rafu.

"Kaka, achana na haya makaratasi. Kazi unaijua kuliko huyo aliyeandika. Wakikuuliza, waandikie unavyofanya kazi hapa. Basi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Wasahihishaji wenyewe wamechoka kusoma majibu ya kukariri."

Akanitazama kama niliyemtua mzigo. Natamani siku ile jino lingekuwa linaniuma nisifungue mdomo.

Sasa lazima niseme jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, maana hapo ndipo palipo na shida. Masjala ina daftari la kutolea mafaili. Faili likitoka linaandikwa namba, tarehe, jina la aliyelichukua, na aliyelichukua anasaini. Mpimaji atasaini, mhasibu atasaini, hata mimi nikibeba la mtu nitasaini kwa niaba yake. Lakini mkuu wa ofisi hasainishwi. Hakuna aliyelitunga sharti hilo wala halijaandikwa popote. Mkuu akitaka faili anamtuma dereva wake, dereva anasema, "Mzee anaomba," na faili linatoka. Kumpelekea daftari asaini kungekuwa sawa na kumwambia mbele za watu kwamba humwamini. Karani aliyemtangulia Kabati alimfundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo na aliyemtangulia. Tuliita hiyo heshima.

Na tangu mwaka uliopita mkuu alikuwa ameomba mafaili kumi na saba, yote ya viwanja vya nyuma ya uwanja wa mpira, na hakurudisha hata moja. Nayajua vizuri kwa sababu niliyabeba mimi. Mawili leo, matatu wiki ijayo, nayafikisha kwenye maegesho, dereva anafungua buti la gari, nayapanga chini ya turubai. Sikuuliza. Kabati naye hakuuliza, lakini hakuziba mapengo. Pale yalipokuwa mafaili yale aliacha nafasi wazi kwenye rafu, na mtu akijaribu kusogeza mengine anamzuia kwa mkono.

Siku ya mtihani nilimsindikiza pamoja na mke wake. Ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, na foleni ilianzia getini ikazunguka ukuta mpaka nyuma kwenye vyoo. Watu elfu moja na mia tisa kwa nafasi mbili. Vijana watupu, wameshika vyeti vyao kwenye bahasha za plastiki, wengine wananong'ona pointi huku wamefumba macho. Mmoja alimwamkia Kabati shikamoo akidhani ni msimamizi, akamwomba amwonyeshe chumba. Kabati akamwonyesha.

Askari walimpekua, wakamvua saa na mkanda, wakachukua alama za vidole. Simu na sweta akaniachia mimi.

"Wifi, nina wasiwasi," mke wake akaniambia Kabati alipoingia ndani. "Mwenzio leo hata hakukariri. Kaamka, kanywa chai, kapiga na mluzi. Mara zote nne alikuwa anatapika."

"Hiyo ni dalili nzuri, wifi."

"Sijui. Mimi nilikuwa nimezoea anatapika."

Tulikaa kwenye ngazi saa tatu nzima. Kengele ilipolia vijana walitoka wameshika vichwa, lakini Kabati alitoka anatabasamu. Alikuwa na wino mpaka kwenye kiwiko. Nikasimama kumpokea, moyo wangu unaruka kwa furaha, na hiyo ndiyo furaha ya mwisho ninayoweza kuieleza humu.

"Dada, umesema kweli. Swali la tano, alama ishirini! Eleza changamoto ya utunzaji wa kumbukumbu katika ofisi unayoifahamu. Niliandika kurasa nne."

"Uliandika nini?"

"Tunavyofanya kazi. Kwamba mafaili yanatoka bila saini kama anayeyataka ni mkubwa. Nikatoa mfano."

"Mfano gani, kaka?"

"Yale kumi na saba."

Mke wake alikuwa anamfuta wino kwa leso, hakuelewa. Mimi nilielewa.

"Usiniambie umeandika jina la mzee."

"Jina sikuandika. Nimeandika cheo tu, na ofisi. Na namba za mafaili, zote kumi na saba, kwa mpangilio." Akasema hivyo kwa fahari ya mtoto aliyekula akamaliza. "Hata moja sikukosea."

Jumatatu nilimfuata masjala kabla sijanywa hata maji. Nikamweleza kile ambacho kichwa chake kikubwa kilikuwa hakijakiona. Kama kuna mtu makao makuu atalisoma jibu lile akalichukulia kweli, watakuja. Wakija, wataomba daftari. Na daftari linasema mafaili yale hayajawahi kutoka. Kwa daftari, yako pale rafuni, mikononi mwa karani wa masjala.

Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa za mwaka mzima. Alijua hatayakuta, lakini alitafuta.

"Yajaze sasa hivi," nikamwambia. "Andika tarehe zake, unazikumbuka. Andika mzee kachukua."

"Na saini?"

"Chora chochote!"

"Hapana, dada. Hapo nitakuwa mwizi kweli."

"Basi niache mimi niongee na dereva."

Dereva nilimkuta anafuta vioo. Ni mtu wangu tumeanza kazi pamoja, tunataniana siku zote, ananiita mke wa pili nami namwita mume suruali. Nikamwambia yale mafaili ya uwanja wa mpira tunayaomba, tunapanga rafu. Aliendelea kufuta kioo kilekile ambacho kilishakuwa safi.

"Mafaili gani?" akauliza.

"Wewe! Si tulipanga wote kwenye buti?"

"Mimi naendesha gari," akasema. Hakuniita mke wa pili. Akaingia ndani ya gari, akapandisha kioo.

Zikapita wiki saba. Mkuu alikuwa anapita koridoni anatusalimia vizuri kama kawaida yake, anauliza hali za watoto. Kabati alikuwa anakuja mapema kuliko mlinzi anayefungua geti. Nilimkuta asubuhi mara mbili amesimama mbele ya yale mapengo. Mke wake alinipigia simu kuniambia kwamba sasa ameanza kutapika.

Barua ililetwa na mimi. Naletaga barua zote kutoka posta, na ile niliijua kwa mhuri. Kabati aliifungua kwa wembe kama anavyofungua zote, akaisoma, akanipa. Aya ya kwanza ilisema kwamba katika watahiniwa elfu moja na mia tisa ameongoza yeye, na anapendekezwa kuajiriwa kituo hikihiki. Niliposoma hapo nikataka kupiga kigelegele. Aya ya pili ilisema kwamba kabla ya ajira hiyo wakaguzi watafika Alhamisi kuhakiki mafaili kumi na saba yaliyotajwa na mtahiniwa, na mkuu wa ofisi awape ushirikiano. Barua ilikuwa imeandikwa kwa mkuu.

"Wa kwanza," Kabati akasema. "Dada, nimekuwa wa kwanza."

"Kaka, barua huwa zinapotea. Mvua, panya, posta yenyewe ile. Ukipata siku kumi tunaweza kutafuta njia."

Akachukua mhuri wa IMEPOKELEWA, akapiga. Akaipa namba, akaiingiza kwenye faili, akalifunga kwa kamba yake ya kijani, akanikabidhi mikononi.

"Kwenye masjala yangu barua haijawahi kupotea," akasema.

Nikaipeleka. Korido ile ni hatua sitini, ninazijua, na siku ile nilizitembea zote nikijiambia rudi, na sikurudi. Mkuu aliisoma akiwa ameegemea kiti. Hakushtuka. Alikunja miwani yake, akatabasamu.

"Kijana wetu kaongoza. Mpe hongera zangu."

"Nitampa, mzee."

"Mwanao mkubwa yuko darasa la ngapi sasa?"

"La saba, mzee. Anafanya mtihani mwaka huu."

"Vizuri. Asome kwa utulivu. Mtoto anahitaji nyumba yenye utulivu." Akafungua droo, akaiweka barua ndani, akafunga na ufunguo. "Wewe unabeba mafaili mengi sana humu ndani, mama. Nani anaweza kukumbuka yote?"

Nilitoka nimeufyata, mimi ninayejisifu kwamba mdomo wangu hauna breki.

Alhamisi walikuja wawili, mwanamke wa makamo na msaidizi wake. Yule mwanamke alikuwa mtu wa haki, simsingizii. Aliuliza polepole na aliandika kila kitu. Tulikusanyika masjala, mkuu, dereva, Kabati na mimi. Aliangalia mapengo kwenye rafu, akayahesabu, yakawa kumi na saba. Akaomba daftari.

Akalipekua ukurasa kwa ukurasa. Tulikuwa tunasikia karatasi zinavyogeuka. Mwisho akamgeukia Kabati.

"Hayajatoka."

"Yametoka, mama. Aliyachukua mkuu. Tarehe nne mwezi wa pili mawili, tarehe kumi na moja matatu..." Akazitaja zote, bila kukosea, bila kikaratasi.

"Saini yake iko wapi?"

"Mkuu huwa hasaini."

Mkaguzi akamtazama mkuu. Mkuu akasikitika kidogo kwa kichwa, kwa upole, utadhani amesikia mtoto wake kafanya jambo la aibu.

"Ni kijana mzuri," akasema. "Nimemsainia mikataba miaka yote. Sikujua kama amefika huku."

Dereva aliulizwa, akasema yeye anaendesha gari. Mkaguzi akashusha pumzi, akapindua ukurasa wa kijitabu chake.

"Kuna mtu yeyote aliyeona mafaili haya yakitoka?"

"Yupo," Kabati akasema. "Dada huyu hapa. Ndiye aliyeyabeba."

Wote wakanigeukia. Nilimwona mkaguzi, kalamu iko tayari, na uso wake ulikuwa unataka niseme. Nilimwona mkuu, hakunikazia macho wala nini, alikuwa anaangalia saa yake. Nikamwona Kabati. Hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana alijua nimebeba na alijua ninakumbuka, na kwake yeye kukumbuka na kusema vilikuwa kitu kimoja.

"Mimi nabeba mafaili mengi," nikasema. "Sikumbuki."

"Hukumbuki, au hukuyabeba?" mkaguzi akauliza.

"Sikumbuki, mama."

Alisubiri. Alinipa nafasi, nakiri, alisubiri mpaka msaidizi wake akakohoa. Halafu akaandika.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kibarua hahitaji barua ya kusimamishwa, mkataba wake hausainiwi tu. Kabati aliambiwa akabidhi funguo palepale, na kwamba upotevu wa mafaili utapelekwa polisi, asisafiri. Nafasi yake ya ajira ikasimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na mwezi wa tisa ulikuwa umebaki wiki nne. Alitoa funguo moja moja kwenye kikamba, akieleza ya kabati gani na ipi inakwama kidogo. Akachukua kopo lake la chakula na sweta.

Nilimfuata mpaka getini. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru angenipiga kofi mbele ya mlinzi.

"Kaka," nikasema.

"Umefanya vizuri, dada. Watoto wako bado wadogo." Alisema kweli, hakuwa ananisimanga, ningelijua simango. Akahamisha kopo mkono wa pili. "Ila mwambie atakayekuja, ile rafu ya chini inaingia maji mvua ikinyesha upande. Mafaili yasigusane na ukuta."

Akaondoka kwa ule mwendo wake wa taratibu. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Atakayekuja hakuja. Jumatatu mkuu aliniita, akanipongeza kwa utumishi wa muda mrefu, akanikabidhi zile funguo, niishike masjala mpaka nafasi itangazwe tena. Nikasema ahsante mzee. Nilikaa kwenye kiti cha Kabati, ambacho kimebonyea kwa umbo lake na kinanipwaya, nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika tarehe. Mapengo yalikuwa yamezibwa. Mtu alikuwa ameyasogeza mafaili mwishoni mwa wiki, na rafu ilikuwa imejaa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Saa nne dereva akaingia. Alikuwa mchangamfu, akaniita mke wa pili, akaegemea meza.

"Mzee anaomba moja," akasema, akanitajia namba. Ni ya kiwanja cha kando ya soko, nalijua faili lenyewe, la mama mmoja mjane anayekuja kila mwezi kuulizia hati yake.

Nikalisogeza daftari mbele yake, na kalamu juu. Akalitazama, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alisubiri tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake akumbuke kitu.

Nikalifunga daftari. Nikaenda rafuni, nikalitoa faili, nikamkabidhi.

"Lifikishe kwenye buti mwenyewe," nikasema. "Miguu inaniuma."

"Hapana, mke wangu," akasema, akalirudisha mezani. "Unajua kazi ya kubeba ni yako."

Nikalibeba.